Kombe la Nakuru

Jedidah alimwomba Mungu asilikute kombe, na alipokwisha kuomba aliona haya, maana mpelelezi anayeomba asipate anachokitafuta heri akauze maandazi.

Bohari ya Duncan ilikuwa New Hope, nyuma ya duka la matairi. Ndani yake masanduku ya Wakenya wa Minnesota yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, yakisubiri kontena la kwenda Mombasa. Sanduku la Peris lilikuwa juu kabisa kwa sababu lilikuwa miongoni mwa ya mwisho kuletwa. Ubavuni liliandikwa kwa kalamu nene jina la mama yake, namba ya simu, na neno NAKURU kwa herufi ambazo hata asiyevaa miwani angezisoma.

"Afande, una ruhusa ya mwenyewe?" Duncan aliuliza. Alikuwa akimwita afande tangu aliposikia kwamba Jedidah, kabla hajaijua theluji, alikuwa mpelelezi wa polisi hukohuko Nakuru.

Jedidah alipiga simu akaweka spika.

"Fungua tu, Mama Lenny," sauti ya Peris ilisema, nzito kama ya mtu aliyelia akachoka. "Fungua mpaka chini. Mimi sina kitu ya kuficha."

Wezi pia husema hivyo, na Jedidah alikuwa amewasikia wengi wakisema kwa sauti tamu kuliko hiyo. Alivaa glavu, akapiga picha sanduku pande zote, akaugusa utepe wa juu.

"Huu utepe alifunga nani?"

"Mimi. Nililipata garage kwa Alfred, pale Peris anafanyia kazi, limefunikwa tu hivi, halijapigwa tape. Nikali-tape mwenyewe nikapakia kwa truck."

"Kwa hiyo kabla hujaja, mtu yeyote angeweza kutia mkono."

"Angeweza. Lakini nani atie mkono kwa box ya mtu, afande? Watu huwa wanatoa, hawaongezi."

Duncan alikata utepe. Juu kulikuwa na blanketi, na chini ya blanketi taulo jeupe lililoviringishwa likavimba. Jedidah alilifunua taulo, na kombe likamkodolea macho: la fedha, lenye vishikio viwili, kubwa kama sufuria ya ugali wa nyumba nzima. Kwenye tumbo lake palichongwa jina la Rodney Thurlby, na chini ya jina, Nakuru, 1956.

"Ngai!" Duncan alirudi nyuma hatua. Kisha akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Sikiza, afande. Mimi sijaona kitu. Tunaweza kusema limepatikana kwa snow huko nje. Huyo ni msichana wetu."

Uso wa Jedidah uliwaka moto kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. Alikuwa na sababu zake, na inafaa zisemwe sasa, kwa sababu yeye mwenyewe asingezitaja.

Rodney Thurlby alikuwa mzee wa Kiingereza aliyepita miaka tisini, zamani dereva wa mbio za magari, sasa mkazi wa nyumba ya kutunzia wazee aliyoianzisha Alfred kule Golden Valley. Kombe lake lilikuwa likikaa dirishani mwa chumba chake. Jumamosi moja likatoweka, na Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Peris. Hakuna aliyemhoji yeyote. Habari ilifika kanisani kabla haijafika kwa polisi, na kanisani ikapata miguu. Lisemwalo lipo, walisema akina mama. Samaki mmoja akioza wote wameoza, alisema Mzee Jairus, mzee wa kanisa, naye ndiye mume wa Jedidah. Wakaamua kufanya kile ambacho watu wenye adabu hufanya kwao mtoto anapoharibu kwa jirani: walinunua sukari, majani ya chai, leso na mkate, wakajaza magari matatu, wakamchukua Peris, wakaenda kuomba msamaha.

"Hata kama hukuchukua," walimwambia njiani, "omba tu, amani irudi."

Peris akapiga magoti kwenye zulia la sebule ya nyumba ile ya wazee, mbele ya Fiona, binti ya mzee Rodney, akasema anaomba radhi kwa yote yaliyotokea. Wale akina mama wakaitikia kwa wimbo. Fiona alipokea sukari akiwa ameduwaa, akashukuru, akaenda nyumbani, akapiga simu kaunti kuripoti kwamba mwizi amekiri mbele ya mashahidi wasiopungua kumi na wawili.

Ndivyo Peris alivyosimamishwa kazi. Ijumaa mtu wa kaunti angetoa uamuzi. Akiamua kwamba ameiba, Peris hangeruhusiwa tena kumgusa mgonjwa yeyote katika jimbo lile, na shule ya unesi, ambayo alikuwa amebakiza muhula mmoja tu, ingemfia mikononi. Alfred alikuwa amemwajiri Jedidah afanye uchunguzi wa haraka, na kwa "haraka" alimaanisha kwamba ukweli ukiwa mrefu aufupishe.

Jambo ambalo Alfred hakulijua ni kwamba Jedidah alikuwa kwenye gari la pili. Alisimama nyuma ya watu, amebeba mfuko wa sukari. Miaka yote ya upelelezi, na hakuuliza swali hata moja.

"Afande?" Duncan alisema. "Nilifunge?"

"Hapana. Kazi haijaisha."

Utaratibu wake ulikuwa kwamba sanduku likifunguliwa hufunguliwa lote. Alitandika turubai sakafuni akaanza kutoa kitu kimojakimoja, akipiga picha. Viatu vya mpira, na ndani ya kila kiatu kipande cha sabuni. Chupa ya chai, na ndani yake soksi zilizokunjwa vibonge. Sufuria tatu, moja ndani ya nyingine, ya katikati imejaa vijiko, ya ndani kabisa imejaa pakiti za dawa ya meno. Mkoba ndani ya mkoba, ndani yake mkoba wa tatu, na ndani ya huo chupi mpya za mama zikiwa bado na lebo. Mpira wa mtoto ulikuwa umetolewa upepo ukatiwa ndani ya kofia. Alipotoa jagi la plastiki akakuta limefungwa mdomo kwa karatasi, akatoboa, zikamwagika pini za nywele.

Hapo Jedidah alisimamisha mkono. Alilirudia kombe, akatia mkono ndani mpaka kifundoni, akauzungusha. Kisha akalichukua lile taulo akalikung'uta. Hakuna kilichoanguka.

"Duncan, wewe umesafirisha masanduku mangapi?"

"Ai, nani anahesabu? Ni miaka."

"Umewahi kuona Mkenya akituma sufuria tupu?"

Duncan alicheka. "Tupu? Mimi si-charge kwa kilo, na-charge kwa box. Kukiwa na nafasi ya kuweka njugu moja, mtu ataiweka. Hata mimi nikitumia boy wangu buti, na-stuff ndani. Nani atatuma hewa mpaka Nak—"

Alilitazama lile kombe, ambalo tumbo lake lingemeza mchele wa wiki, kisha akavitazama viatu vyenye sabuni.

"Peris alitoa mpaka upepo wa mpira wa mtoto apate nafasi," Jedidah alisema. "Halafu aliacha tundu kama hili bila hata soksi? Aliyeliweka hajawahi kutuma sanduku nyumbani maishani mwake."

"Basi si Mkenya."

"Na pale kwa Alfred wanaofanya kazi wote ni Wakenya, kuanzia Alfred mwenyewe. Wanaobaki ni wazee wanne. Watatu hawatoki kitandani bila kubebwa."

"Na wa nne?"

Jedidah alikuwa ameshaanza kuvua glavu.

*

Alfred alimpokea kwenye njia ya gari, amevaa koti juu ya suti, akikanyaga theluji chafu ya Machi kwa viatu vya ofisini. Jedidah alipomwambia kombe limepatikana na limepatikana wapi, alipiga makofi kwa faraja.

"Basi imekwisha, madam. Kwa box yake! Andika hivyo niwape county, nyumba yangu isafike. Namhurumia, lakini mimi niko na license."

"Nataka kuiona gereji kwanza."

"Garage iko na nini tena?"

Gereji ilikuwa na joto na harufu ya oili. Gari la Alfred lilikuwa katikati, na sakafu yote ilikuwa na vumbi jeupe la chumvi ya barabarani, ile ambayo magari ya Minnesota huingia nayo ndani majira yote ya baridi. Karibu na ukuta kulikuwa na mahali pa pembe nne, safi, pasipo na vumbi, umbo la sanduku lililokaa hapo siku nyingi. Jedidah alichuchumaa. Kutoka mlango wa nyumba hadi pale palipokuwa na sanduku kulikuwa na mistari miwili myembamba ya magurudumu, na nyuma ya kila mstari alama pana ya kufutika, kama ya mtu aliyekokota vitambaa.

"Alfred, njoo uone. Nani humu anatembea akiegemea woka yenye magurudumu mbele na mipira ya tenisi nyuma?"

Alfred aliinama, akachelewa kuinuka. "Rodney. Lakini huyo huja hapa kila mchana, madam. Anapenda kukaa kwa gari. Nam-open-ia mlango, anakaa hapo ananusa oil. Ni mzee wa magari."

"Hukaa upande gani?"

"Wa passenger. Siku moja nilimwambia akae kwa usukani nimpige picha. Aliniangalia vibaya sana."

Jedidah alilikumbuka neno ambalo Fiona alilisema alipomhoji siku ya kwanza, neno ambalo alilipita kama mtu anavyopita jiwe njiani: kwamba baba yake, dereva wa mbio, hakuwahi kuendesha gari hata siku moja tangu yeye azaliwe. Mama yake ndiye aliyewapeleka shule, kanisani, na hata hospitalini baba alipougua.

"Woka yake ina kikapu mbele?"

"Iko na kikapu, ee. Anawekanga magazeti."

"Yule mtu wa kaunti, ulimwambia kwamba Rodney huja hapa peke yake, mahali lilipokuwa sanduku?"

Alfred alijishughulisha na kifungo cha koti. "Hakuniuliza."

"Hata mimi sikukuuliza," Jedidah alisema, na kusema hivyo hakukumpunguzia haya. "Mpigie Fiona. Mwambie aje sasa hivi."

*

Kuta za chumba cha Rodney Thurlby zilisimulia nusu ya maisha yake. Kulikuwa na kijana mwembamba wa Lincolnshire amesimama na baba yake mbele ya gereji ya kijijini. Kulikuwa na yuleyule kijana ndani ya gari lisilo na paa, kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi ulioachwa baada ya vita, ambako Waingereza wa rika lake walijifunza kukimbiza magari kwa kukosa mahali pengine. Halafu Ubelgiji, gari likiungua na dereva akiwa kando anakohoa. Halafu Ufaransa, nafasi ya tatu, na magazeti yakisema huyu ndiye atakayevikwa taji kesho. Picha ya mwisho ilikuwa Nakuru, alikoishi kwa muda na walowezi: Rodney akiwa na miaka ishirini na sita, vumbi usoni, kombe mkononi, na hatabasamu. Mwaka uliofuata aliacha mbio. Akaoa Mmarekani, akahamia Minnesota, akafanya kazi ya kupima matairi ya theluji, lakini wenzake ndio walioyaendesha magari na yeye akasimama pembeni na kipimo.

Fiona alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu kama baba yake. Alipoona kombe kwenye mapaja ya Jedidah alishika kifua.

"Lilikuwa wapi? Alikuwa nalo?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Nitakwambia. Nipe dakika chache na baba yako."

Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Macho yake ya bluu yaliliangukia kombe. Kisha akamtazama Jedidah, akasema kwa Kiswahili kile cha walowezi, kilichokaa kinywani mwake miaka sabini bila kutumiwa:

"Kwa nini wewe narudisha? Hii nakwenda safari."

Fiona aligeuka ghafla. "Anasema nini? Hiyo ni lugha gani?"

Jedidah alivuta kiti karibu. Alikuwa amejiandaa kumhoji mzee kwa Kiingereza, polepole, kama unavyomhoji mtoto. Sasa aliona kwamba mzee amechagua mlango ambao binti yake hawezi kuupita.

"Ulikuwa unamtumia nani, bwana?"

"Wambura."

"Wambura ni nani?"

"Fundi yangu. Nafanya kazi ya gari, mzuri sana. Kesho mashindano, leo jioni mimi najaribu gari barabara ya Njoro. Giza nakuja. Mtu ya baisikeli iko." Alifunga macho. "Mimi napiga yeye. Yeye nakufa."

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mimi."

"Na polisi waliandika nani?"

Nje kwenye ukumbi televisheni ilikuwa ikicheka peke yake.

"Wambura. Mimi naomba yeye. Mimi nasema, wewe sema ni wewe, mimi nalipa faini, halafu maneno kwisha. Yeye nasema, ndiyo bwana. Lakini hapana faini. Jela."

"Na wewe?"

"Mimi nashinda."

Jedidah alikuwa amesikia maungamo mengi katika vyumba vichafu kuliko hiki, lakini hakuwahi kusikia moja lililotolewa katika lugha ya aliyetendewa. Alijikaza akaendelea, maana swali lililomleta halikuwa hilo.

"Kwa hiyo ulipoona Peris ameandika Nakuru kwenye sanduku, ukalitia humo."

"Wambura hapana iko, mimi najua. Mzee kama mimi. Lakini watu yake iko. Mimi nafikiri, mtu ya Nakuru nafungua, nasoma, nauliza." Alitikisa kichwa kwa kuuona mwenyewe ujinga wa mpango huo. "Mimi mzee. Nafikiri kama mtoto."

"Bwana Rodney. Peris amesimamishwa kazi kwa ajili ya kombe hili. Ulijua?"

Mzee alilivuta blanketi hadi kifuani.

"Najua. Watu nakuja mingi. Mimi iko kwa kiti sebuleni, wao nafikiri mimi nalala. Mimi naona yule mama napiga magoti." Alipeleka mkono usoni, akaufunika. "Mimi nyamaza."

"Kwa nini?"

"Aibu. Kama mimi nasema kombe, lazima mimi nasema Wambura. Mara mbili sasa. Mara mbili mtu nabeba yangu."

Jedidah alitaka kukasirika. Hasira ilikosa pa kutokea, kwa sababu siku ile watu waliokuwa sebuleni wakimtazama Peris akipiga magoti, wakijua la kusema na wasiseme, hawakuwa Rodney peke yake. Yeye angalau alikuwa na haya ya miaka sabini. Jedidah alikuwa na haya ya majirani tu.

Alimgeukia Fiona akamtafsiria yote, neno kwa neno, bila kulainisha. Fiona alisikiliza amesimama, na tafsiri ilipofika kwa Wambura alikaa kitandani.

"Baba, ni kweli?"

"Ni kweli, Fi," mzee alijibu, kwa Kiingereza sasa.

Fiona aliigeukia ile picha ya Nakuru ukutani. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya mtu anayefanya hesabu. "Nitaondoa malalamiko. Tutasema lilikuwa nyuma ya kabati. Hakuna haja ya hayo mengine."

"Haja ipo."

"Ana miaka tisini na tano. Watu wanamjua. Wajukuu wanaandika insha shuleni juu yake."

"Ukisema lilikuwa nyuma ya kabati, Peris atabaki mwizi aliyelirudisha kwa siri. Kaunti wana maneno yake ya kuomba radhi. Hawatayasahau kwa sababu ya kabati."

"Basi niambie hili!" Fiona alipandisha sauti, machozi yakimtoka. "Kama hakuiba, kwa nini alipiga magoti? Mtu asiye na kosa hupiga magoti kwa nini?"

Jedidah alitazama mikono yake. Angeweza kusema ni mila. Angeweza kueleza kwamba kwao msamaha ni maji ya kuzimia moto, na mtu hachunguzi kwanza nani aliyewasha. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote yalikuwa mahali pazuri pa kujificha.

"Kwa sababu sisi tulimwambia apige," alisema. "Tuliogopa jina letu lisichafuke. Hatukumuuliza kama ameiba. Nami nilikuwepo. Nilisimama nyuma, nimebeba mfuko wa sukari."

Fiona alimkazia macho mpaka akamtambua.

"Ile sukari bado iko jikoni kwangu," alisema taratibu. "Sikujua niifanyie nini."

Ndipo mzee Rodney aliponyoosha mkono wake wenye mishipa.

"Nipe simu," alimwambia binti yake.

"Baba, si lazima iwe leo."

"Nilishawahi kusema kesho. Nipe simu, Fi."

Fiona alibonyeza namba ya kaunti, vidole vikikosea mara ya kwanza. Mzee alilitaja jina lake lote na tarehe ya kuzaliwa, kama askari anayejisalimisha. Alisema kwamba kombe alilichukua yeye, akalitia kwenye kikapu cha woka, akalizungushia taulo, akaliweka sandukuni, na kwamba yule msichana hakujua lolote. Mwanamke wa upande wa pili aliuliza kama kuna mtu chumbani anayemlazimisha kusema hayo.

"Hapana," mzee alisema. "Hakuna aliyewahi kunilazimisha, na ndiyo maana nimechelewa. Sasa andika na jina jingine. W, A, M..."

Fiona alitoka kwenda ukumbini ili alie mahali ambapo baba yake hatamwona. Jedidah alisubiri mpaka yule wa kaunti aliposema kwamba angekuja kesho asubuhi kumwona mzee ana kwa ana, na ikiwa maneno yatabaki hayohayo, faili la Peris litafungwa bila doa.

*

Peris alikuwa akikaa Fridley, ghorofa ya pili, katika jengo ambalo ngazi zake hunuka vitunguu vya kila taifa. Alifungua mlango nusu, amejifunga leso kiunoni. Jedidah alingoja kukaribishwa, na kule kutokaribishwa kukamwambia mengi, maana mtoto aliyelelewa Nakuru hamwachi mtu mzima mlangoni isipokuwa amekusudia.

Akamweleza akiwa amesimama palepale. Sanduku, kombe tupu, woka, Wambura, simu. Peris alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hivyo shule naendelea?"

"Unaendelea. Na kazi Alfred atakurudishia. Atakupigia mwenyewe."

"Na huyo mzee alikuwa anaona. Mimi ndiye nilikuwa namlisha, Mama Lenny. Namwosha. Namkata kucha." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Lakini huyo amesema. Amechelewa, lakini amesema."

"Nami nimekuja kuomba msamaha, Peris. Nilikuwa pale. Mimi ndiye wa kuuliza maswali, kazi yangu ni hiyo, na sikukuuliza."

"Nimekusikia." Peris alichungulia juu ya bega lake, kwenye ngazi, kisha kupitia dirisha la ukumbini kwenye maegesho ambako gari moja tu lilikuwa limewasha taa. "Siku ile mlikuja magari matatu. Hata choir ilikuja. Leo umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu."

"Basi itakuwa aje? Mlinichafua mkiwa wengi, mnanisafisha ukiwa mmoja?"

Jedidah alitoa simu akampigia mumewe, akaweka spika ili Peris asikie.

"Baba Lenny, tafuta watu. Walewale wa siku ile, wote, asibaki hata mmoja. Waje Fridley, kwa Peris."

"Kuna nini tena?" Mzee Jairus aliuliza, na nyuma yake sahani zilisikika zikiwekwa mezani.

"Peris hakuiba. Imethibitika. Tunakuja kumwomba msamaha."

Sahani zilinyamaza, kisha Mzee Jairus akakohoa, kikohozi kile cha mtu aliyesumbuliwa mlo.

"Lakini mama," alisema, "huo msamaha si tulishaomba?"